Ua la Kiangazi

Watu wa Dar es Salaam tulipohamia Dodoma tulikuja na mipira ya maji. Sisemi kwa kejeli. Mpira wangu mwenyewe, wa kijani, ulisafiri juu ya lori pamoja na kabati na magodoro. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba safari hii inahamia kweli, baada ya miaka zaidi ya arobaini tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma, nasi wa maofisini tukafuata mafaili. Viwanja vikapimwa, nyumba zikachipuka Kisasa, Ilazo na Iyumbu, na kila nyumba iliyokamilika ikafuatiwa na mambo matatu kwa mpangilio uleule: ukuta, geti, ukoka.

Ukoka wa aina tuliyokuwa tukiipenda ni jani la mahali penye mvua. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, tena kwa misimu miwili, vuli na masika. Dodoma hupata kiasi cha milimita 570, na karibu zote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu hufungwa. Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba: hesabu mwenyewe. Upepo wa Agosti huinua vumbi likaingia hadi ndani ya sukari. Maji ya bomba huja kwa mgawo; mtaani kwetu kila mtu anaijua siku yake, na usiku wa siku hiyo utasikia mapipa yakijazwa mpaka alfajiri. Katikati ya hali hiyo ndipo ukoka unapodai maji kila jioni, wakati ndoo ya kufulia sare za shule haijapatikana.

Mzee mmoja wa Kigogo niliyempa kazi ya kuchimba shimo la taka alisimama akaitazama bustani yangu ya kahawia kwa muda, akaegemea jembe. "Ninyi mama mmekuja na majani," alisema. "Sisi nje ya nyumba tunafagia tu." Hakusema zaidi, akaendelea kuchimba. Nilicheka, lakini neno lake lilinikaa. Uwanja uliofagiwa vizuri asubuhi, wenye mistari ya ufagio, ni bustani pia. Ni namna ya kupamba mahali bila kudai kitu ambacho mahali penyewe hapana.

Mimi si mtu wa Dar kwa kuzaliwa. Nimekulia Same, upande wa chini, kwenye tambarare zinazotazama Mkomazi, ambako milima ya Upare na Usambara huyazuia mawingu ikabaki na mvua yake. Wenzetu wa milimani walikuwa na migomba na tangawizi. Sisi wa chini tulikuwa na mbuzi, mkonge na jua. Kiangazi kilipokolea, nyika nzima ikawa rangi ya majivu, ulikuwapo mmea mmoja uliokaidi. Shina lake la kijivu lilikuwa limevimba chini kupita kiasi, likagawanyika juu kuwa matawi mafupi yasiyo na jani hata moja, na kwenye ncha za matawi hayo yakakaa maua ya rangi ya waridi, kingo zimekoza, kooni meupe. Hakuna aliyeumwagilia. Hakuna aliyeupanda. Ulisimama kwenye mawe, pale ambapo hata mchongoma ulionekana kusitasita.

Bibi yangu hakuuita ua. Kwake ua lilikuwa kile alichokipanda mwenyewe mbele ya nyumba, kwenye makopo ya mafuta yaliyotobolewa chini, akakimwagilia maji ya kunawia mikono. Ule wa nyikani ulikuwa kitu cha kutukataza tulipotoka na mbuzi: usivunje tawi, usiguse maziwa yake, ukigusa usijishike jicho. Tuliutii ule mkatazo, tena kwa uoga mwingi, na nadhani ndiyo sababu nimeukumbuka mmea wenyewe kwa usahihi kuliko maua yote ya makopo, ambayo leo siwezi kukutajia hata moja lilikuwa la rangi gani.

Ukoka wangu ulipokufa mara ya mwisho, nilimpigia simu mama mkubwa, ambaye bado anaishi kulekule.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Huko maji mnapata?"

"Kwa zamu. Mama mkubwa, nataka mbegu za lile ua la nyikani, lile la waridi."

Akanyamaza kidogo. "Lile la sumu?"

"Hilohilo."

"Na watoto wako bado wadogo?"

Tulijadiliana. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba nitauweka mmea mahali ambapo mtoto hafiki bila ngazi. Alikuwa nao mmoja nyuma ya boma, uliojiotea kabla yeye hajaolewa pale, na kila mwaka ulizaa. Akasubiri maganda yakaribie kukauka, akayafunga kwa uzi yasije yakapasuka usiku na mbegu zikapeperushwa, na siku moja kondakta wa basi akanikabidhi bahasha iliyokuwa nyepesi mno nikadhani imesahauliwa kuwekwa kitu.

Ningeweza kupata mmea mkubwa kwa njia fupi. Nimewahi kuiona mimea kama huo kando ya barabara, imeng'olewa nyikani kwa sururu, mizizi mikuu imekatwa ili iingie kwenye chungu, inauzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya unene wa shina. Unene huo ni miaka mingi ya kujibana. Mingine haifiki mwaka baada ya kuuzwa. Na kuutoa mmea ndani ya hifadhi kama Mkomazi ni kosa la jinai, si suala la kujadiliana na dhamiri. Kipandikizi cha tawi nacho hushika, ila mara nyingi hakijengi lile shina nene ambalo ndilo ghala la maji na nusu ya uzuri wenyewe. Anayetaka mmea huu, waridi la jangwani, ukiwa na umbo lake aanze na mbegu.

Mbegu yenyewe ni kijiti kifupi cha kahawia chenye manyoya ya dhahabu ncha zote mbili. Ukiiweka sakafuni penye upepo, inaviringika kama ekseli yenye magurudumu yake, na ndivyo inavyosafiri nyikani mpaka ikwame kwenye jiwe. Niliilaza, sikuisimamisha, nikaifunika kwa mchanga kidogo sana. Mchanga ni ule mkubwa wa mtoni wanaoutumia mafundi ujenzi, nikauosha vumbi litoke, sehemu mbili kwa moja ya udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Vyombo vilikuwa makopo na ndoo zilizopasuka. Mbegu ikiwa mbichi huota ndani ya wiki moja hivi, na kinachoshangaza ni kwamba mche unatoka udongoni tayari umenenepa chini. Una majani mawili tu na tayari una kitambi.

Hapa watu wengi hukosea kwa kusikia jina. Wanaambiwa mmea wa jangwani, basi wanauacha mche mchanga juani bila tone. Mche wa nyikani huota mvua inaponyesha, na una miezi michache ya kunywa kwa pupa kabla mbingu haijafungwa. Kwa hiyo miche yangu niliinywesha, nikaiwekea kivuli cha neti mchana wa jua kali, mpaka mashina yakawa yamekaza na kuzidi unene wa kidole gumba. Ustahimilivu wake ni akiba iliyowekwa wakati wa neema. Ukiukosesha neema hiyo mwanzoni, hakuna ustahimilivu utakaokuja baadaye.

Kiangazi cha kwanza ndipo kazi ya kweli ilipoanza, nayo ilikuwa kazi ya kutofanya kitu. Mwezi Juni usiku wa Dodoma huwa na baridi ambayo mgeni haitarajii; mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Julai nyuzi hushuka hadi kumi na tatu au kumi na nne. Mimea ikaanza kuangusha majani. Binti aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani, mtu wa Kondoa na mwenye huruma kuliko sisi wote, aliona msiba.

"Mama, hii miti ina kiu."

"Haina. Imelala."

"Mbona inapukutika?"

"Ndivyo inavyolala."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Kila alichojifunza maishani kilimwambia kwamba mmea unaopukutika unaomba maji. Basi jioni, akimaliza kuosha vyombo, alichota maji ya kusuuzia akaipa mmoja mmoja, kwa siri, jinsi mtu anavyompa chakula mtoto aliyeadhibiwa. Nilikuja kujua shina moja lilipoanza kulegea upande mmoja.

Mmea usio na majani haunywi. Majani ndiyo yanayovuta maji kutoka mizizini kwa kuyatoa hewani. Yakiisha, maji unayomwaga hukaa tu mchangani, na kwenye baridi hayakauki. Mizizi hukosa hewa, ukungu huingia, uozo hupanda shinani kimyakimya. Lakini kulegea peke yake si ushahidi. Shina lenye kiu hulegea sawasawa pande zote, ngozi inajikunja kidogo, na ukilimwagilia katika msimu wa joto hukaza tena baada ya siku chache. Shina linalooza hulegea mahali pamoja, ukibonyeza kidole kinazama, na rangi yake ni ya chai. Tangu hapo nimekuwa na tabia ya kuibonyeza mimea yangu kila Jumapili, na mume wangu husema nampima presha kila mtu isipokuwa yeye.

Tuliung'oa ule uliooza, tukaukata kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, tukaendelea kukata mpaka nyama ikawa nyeupe safi bila doa. Ilibaki chini ya nusu. Tukapaka jivu kwenye jeraha, tukauning'iniza kivulini kwenye kibaraza bila udongo, bila maji, kwa wiki kadhaa. Binti alikuwa akipita anautazama kwa jicho la mtu aliyeona maiti ikikataliwa kuzikwa. Joto liliporudi tukaupanda kwenye mchanga mkavu. Ukatoa mizizi mipya. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia wageni wenye ndoo, tena kwa ukali ambao mimi sikuwa nao.

Nimelifikiria jambo hili sana, pengine kupita kiasi. Kwetu sisi, hasa wanawake tuliolelewa kupima upendo kwa ujazo wa sahani, kutunza ni kutoa. Anayelia apewe, anayenyauka amwagiwe, mgeni akisema ameshiba aongezwe. Kuna viumbe ambavyo mtazamo huo unaviua. Huwezi kulijua hilo kwa kuambiwa, maana kunyima kunaonekana ni uvivu au ubahili mpaka uone matokeo kwa macho yako. Na si kunyima kwa jumla: ni kunyima Juni, na kutoa kwa wingi Desemba. Kosa la ndoo ya yule binti lilikuwa la kalenda, huruma yake haikuwa na dosari.

Maua yalikuja mwaka wa pili, mwishoni mwa Agosti, vumbi likiwa kwenye kilele chake. Majani yenyewe ndiyo yanayopoteza maji mengi, kwa hiyo mmea ukishayaangusha unabana matumizi, kisha siku zinapoanza kupata joto unafungua akiba ya shinani kwa ajili ya maua peke yake. Matawi matupu, maua tele. Jirani yangu, mama wa kutoka Bukoba kunakonyesha karibu mwaka mzima, alisimama nje ya geti akaita.

"Jirani, hayo maua umeyanunua wapi? Ni ya plastiki?"

Nikamwambia aingie aguse petali, asiguse kingine. Akagusa. Akauliza namwagilia mara ngapi. Nilipomwambia sijamwagilia tangu Mei, alinitazama kama ninayemficha mganga wangu.

Watoto walipokua, nikaondoa kilichobaki cha ukoka. Yule mzee wa Kigogo akarudi, safari hii kwa kazi ya kunichimbia vilima. Mvua za Dodoma zikija huja kwa hasira, Januari na Februari maji husimama uwanjani, na waridi la jangwani haliwezi kukaa na miguu ndani ya dimbwi. Lazima lipandwe juu, kwenye tuta la mawe, kokoto na mchanga, ili maji yapite na yaende. Tulipandisha vituta vitatu kando ya ukuta, na eneo lililobaki tukaliacha wazi. Linafagiliwa asubuhi. Mzee alipomaliza alikusanya malipo yake, akatazama, akasema "Haya sasa," na hiyo kwake ni sifa kubwa.

Nirudi kwenye sharti la mama mkubwa, maana hili ndilo watu huliruka wanapokuja kuomba miche. Maziwa yanayotoka tawi likikatwa yana sumu ya moyo, ya ukoo mmoja na ile inayopatikana kwenye mimea ambayo hospitali zilitengenezea dawa za moyo kwa dozi ndogo mno. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi huyachemsha maji ya mmea huu mpaka yakawa kitu kizito cheusi, wakapaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Hilo si simulizi la zamani. Ni maarifa ambayo bado yapo mikononi mwa watu walio hai. Mtu anayeweza kuangusha mnyama mkubwa kwa mmea ulio nyumbani kwangu ameujua mmea huo kwa kiwango ambacho mimi na samadi yangu hatutafika.

Basi nikiupogoa navaa glavu, nafuta kisu, nanawa kwa sabuni. Kupogoa kwenyewe kuna faida: kila tawi linalokatwa hutoa mengine mawili au matatu, na maua hukaa kwenye ncha, kwa hiyo ncha nyingi ni maua mengi. Vipande vilivyokatwa sivitupi panapopita mbuzi wa watu. Mimea yangu ya vyunguni ilikaa miaka yote watoto walipokuwa wadogo juu ya jukwaa la zege la tenki la maji, ambako kweli pasingefikika bila ngazi. Na mwenye mtoto anayetambaa simpi mche, hata akinuna. Wamenuna wengi. Mmoja ni shemeji yangu.

Lakini yupo asiyejali sumu hiyo hata kidogo. Msimu mmoja wa mvua niliamka nikakuta tawi zima halina majani, wakati haukuwa muda wa kulala. Kulikuwa na kiwavi mkubwa wa kijani, mnene kama kidole changu cha kati, mwenye pembe ndogo mkiani na madoa mawili ya buluu karibu na kichwa yanayofanana na macho makali. Ni mtoto wa nondo mkubwa mwenye mabawa ya kijani kibichi yaliyochorwa utadhani marumaru, anayeruka jioni. Hula mimea ya ukoo huu wenye sumu na kunenepa. Mwanangu aliomba tumwache. Nilikubali awe mmoja, na tawi moja, tukaweka mpaka kwa macho. Hakuuheshimu. Tukamhamishia kwenye mmea dhaifu niliokuwa nimekwisha kuukatia tamaa, akala, akashuka chini akajifukia kwenye majani makavu, na mmea ule ukachipua upya kwa nguvu kuliko kabla.

Miaka ya mwanzo mimea yangu ilichanua sana bila kuzaa hata ganda moja. Kwa mama mkubwa, ule wa nyuma ya boma huzaa kila mwaka bila mtu kuugusa. Sababu iko ndani ya ua: chavua imefungiwa ndani ya koni ndogo iliyoko kooni, na mahali pa kuipokea pako chini ya koni hiyohiyo, kwa hiyo lazima aje mdudu mwenye ulimi mrefu na mwembamba autumbukize na kuutoa kwa njia ileile. Mtaani kwetu, penye kuta na taa, ama mdudu huyo hapiti ama anapita mara chache. Tena mmea mara nyingi hautaki chavua yake mwenyewe. Unataka ya jirani.

Basi kazi ya mdudu huyo tumeifanya sisi. Tunapasua ua upande mmoja kwa wembe, tunaingiza njiti nyembamba ya ufagio wa chelewa kwenye koni, inatoka na unga wa njano, tunaipeleka kwenye ua la mmea wa pili na kuipitisha pale chini. Mwanangu ana mkono mtulivu kuliko wangu. Ua likikubali, litaanguka likiacha maganda mawili yanayokua kama pembe, yakielekea kila moja upande wake, na yatachukua miezi kukomaa. Hapo ndipo uzi wa mama mkubwa unapohitajika. Nilikuwa nimeuchukulia uzi ule kuwa ni uangalifu wa kizee. Ganda letu la kwanza tuliloliacha wazi lilipasuka adhuhuri ya upepo, na mbegu zikavuka ukuta zote kuelekea Singida.

Mtu wa kwanza kuuandika mmea huu katika vitabu vya sayansi hakuukuta Same wala Eyasi. Aliukuta Yemen. Peter Forsskål, mzaliwa wa Helsinki na mwanafunzi wa Linnaeus, alikuwa katika msafara ambao mfalme wa Denmark aliutuma Uarabuni mwaka 1761. Alikusanya mimea kwenye joto na vumbi, akaandika kila siku, na Julai 1763 akafa kwa malaria huko Yarim, akiwa na miaka 31. Wenzake nao walikwisha mmoja baada ya mwingine. Carsten Niebuhr peke yake ndiye aliyerudi Denmark akiwa hai, mwaka 1767, na ndiye aliyezichapa karatasi za marehemu mwaka 1775. Ndani yake umo mmea wa bibi yangu. Bahari ya Shamu haikuutenga: unaanzia nchi za Sahel, unapita Sudan na Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya hadi kwetu, na ng'ambo yake unaendelea Uarabuni.

Kutoka huku ulifika mashariki mwa Asia, na wakulima wa Thailand na Taiwan wakaufanyia kazi ambayo sisi hatukuwahi kuifikiria. Wakachanganya mbegu, wakabandika matawi ya rangi moja juu ya shina la nyingine, wakapata maua ya njano, ya damu ya mzee, yenye petali zilizorundikana mara mbili na mara tatu. Nilikwenda Dar es Salaam kwa msiba, na kando ya Barabara ya Bagamoyo, kwenye vitalu vya miche, nikayakuta yamepangwa kwenye vyungu vyeupe. Nikauliza bei. Kijana akataja, nikarudi nyuma hatua moja.

"Dezati rozi hii, mama. Ya Thailand."

"Kwao ni Same," nikamwambia.

Akacheka kwa heshima, kama unavyomchekea mtu mzima anayeanza kupotea. "Hapana, mama. Hii imetoka nje. Hata mtandaoni ipo."

Sikubishana, alikuwa na wateja. Lakini nilikaa na jambo hilo ndani ya basi mpaka Morogoro. Siwachukii wa Thailand hata chembe. Walichukua mmea wa mtu mwingine wakautazama kwa makini kwa miongo, na umakini huo una haki ya kulipwa. Kinachoniudhi ni kwamba tunalipa ili turudishiwe kitu kilichokuwa nyuma ya boma, na tunakipenda zaidi kwa sababu kimepanda ndege. Maua yale ya petali nyingi ni mazuri, sikatai, ila siyapendi: mdudu haoni mlango, na mengine yameinama kwa uzito. Ua la Same lina petali tano, kila moja inaonekana, na katikati pako wazi kwa yeyote mwenye ulimi wa kutosha.

Mwaka huu nimepata mbegu kuliko makopo niliyonayo. Nyingine nimemrudishia mama mkubwa kwa kondakta yuleyule, maana mmea wake umezeeka na mbuzi wa jirani wamevunja matawi. Alinipigia simu kuniuliza kama nimechanganyikiwa kumpelekea mbegu za porini. Nikamwambia azipande mbele ya nyumba, kwenye kopo. Amezipanda, ingawa anasisitiza kwamba ni kwa sababu tu hakutaka kuzitupa.

Jirani yangu wa Bukoba naye amepata mche mkubwa, uliokwisha kuchanua, kwa kuwa watoto wake wako chuoni. Ameununulia chungu chenye nakshi za dhahabu, ameuweka sebuleni kati ya televisheni na pazia, na kila asubuhi anaunyunyizia maji kwa chupa. Nimemwambia autoe nje kwenye jua kabla haujaoza. Ananiambia jua la Dodoma litauunguza, mmea mzuri namna hii. Jana nimemkuta amefungua pazia nusu.